Mkono Ulioshika Pasi

Shule ya bweni ilinifundisha kulala chali bila kujigeuza. Suruali ya kesho ilikuwa chini ya godoro: imenyunyiziwa maji kidogo, mistari imelinganishwa kwa vidole, imetandazwa juu ya chaga, kisha godoro la sufi likashushwa juu yake taratibu. Aliyelala kwa utulivu aliamka na suruali iliyonyooka kama upanga. Aliyehangaika usiku aliamka na mistari miwili miwili, sambamba kama reli, na katika gwaride la asubuhi hakuna aliyekosa kuiona. Wenye ujasiri zaidi walikwenda kumwomba mpishi makaa, wakayatia ndani ya kikombe cha bati na kukiburuza juu ya kola ya shati, mkono umezungushiwa kitambaa usiungue.

Pasi hatukuwa nayo, lakini kazi ya pasi tulikuwa tunaifanya. Uzi wa pamba umejengwa kwa selulosi, minyororo mirefu iliyoshikamana kwa vifungo dhaifu vya haidrojeni. Nguo ikikauka ikiwa imekunjamana, vifungo hushika katika mkunjo huo, na mkunjo unabaki. Ili kuuondoa, sharti vifungo vilegee kwanza: maji yapenye kati ya minyororo, joto liichangamshe, uzito uilaze. Nguo ikishapoa na kukauka ikiwa imenyooka, vifungo hushika upya. Pale bwenini maji yalitoka bombani, joto lilitoka mwilini, na uzito ulikuwa wa kijana aliyelala kwa saa nane. Pasi ya umeme huyamaliza hayo kwa sekunde chache kwa sababu chuma chake hufika nyuzijoto 200. Tofauti ni joto na muda tu.

Binadamu waliijua siri hii kabla hawajaisikia selulosi. Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston, Marekani, lina mchoro wa Kichina wa mwanzoni mwa karne ya 12, unaonasibishwa na Kaizari Huizong wa nasaba ya Song, ambaye naye aliunakili kutoka kwa mchoraji wa zamani zaidi. Unaonyesha wanawake wa kasri wakiishughulikia hariri mpya. Wengine wameivuta hariri ikakaza, na mmoja anapitisha juu yake chombo kama kikaango chenye mpini, ndani yake mna makaa. Pembeni kuna msichana anayepepea jiko la mkaa huku amegeuza uso kukwepa joto. Kila nikiitazama picha hiyo, jicho langu huenda kwa msichana huyo. Miaka 900 imepita, na bado unaweza kumwona uani kwa mtu yeyote wa Tandale au Kisauni, anapepea, kageuza uso vilevile.

Kaskazini mwa Ulaya, wanawake wa zama za Waviking walilainisha kitani kwa vibonge vizito vya kioo, na baadhi yao wamekutwa makaburini wakiwa wamezikwa navyo. Nchini Mali, kitambaa cha bazini hupigwa hadi leo kwa nyundo za mbao, wapigaji wawili wamekaa mkabala, zamu kwa zamu, hadi king'ae kama kimepakwa mafuta. Wakorea nao kwa karne nyingi walipiga nguo kwa magongo juu ya jiwe, na sauti ya magongo hayo usiku ilikuwa ndiyo sauti ya kijiji.

Sisi tunasema kupiga pasi. Ila kitenzi kinachonigusa zaidi ni jirani yake, kufua. Mhunzi anafua chuma. Dobi anafua nguo. Na tangu mitambo ilipofika, maji ya mto nayo yanafua umeme. Kazi tatu zinazoikamilisha pasi ya leo, chuma chake, nguo yake na moto wake, Kiswahili kimeziweka zote katika neno moja, na asili ya neno hilo ni kupiga, yaani mkono unaoinuka na kushuka. Mkono huo ndio ninaotaka kuuzungumzia, kwa maana pasi imeandikiwa historia na mkono wake umesahaulika.

Wa kwanza niliouona ulikuwa wa bibi yangu, Pangani. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, chuma kizito cha kusubu chenye tumbo la kuhifadhia moto, matundu ubavuni, mpini wa mbao, na kifuniko kilichofungwa kwa kijogoo kidogo cha chuma. Sisi watoto tuliamini jogoo yule ndiye anayelinda moto usitoke. Bibi hakutumia mkaa wowote uliopatikana. Alipenda vifuu vya nazi, alivyovichoma mwenyewe mpaka vikawa makaa, kwa sababu alisema vinatoa joto la kutulia na havirushi cheche. Cheche moja ikiangukia kanzu ya mtu ni deni.

Kazi yenyewe ilianza jana yake. Muhogo ulikunwa, ukakamuliwa kwenye maji kupitia kitambaa, maji yakaachwa yatuame, na chini ya beseni kikabaki kitu cheupe laini: wanga. Kanzu ilifuliwa, ikasuuzwa, kisha ikatiwa buluu. Vijana wengi leo hawajui kwa nini nguo nyeupe itiwe rangi ya samawati. Pamba nyeupe ikizeeka hugeuka manjano, na buluu kidogo huuzima umanjano huo machoni, kanzu ikaonekana nyeupe kuliko siku iliyoshonwa. Baada ya buluu ndipo wanga ukakorogwa kwa maji ya moto, ukawa kama uji mwepesi. Kanzu ikachovywa, ikakamuliwa, ikaanikwa, na kabla haijakauka kabisa ikaanuliwa. Hapo palihitaji jicho. Ikikauka mno, wanga unafanya magamba. Ikiwa mbichi mno, pasi inanata.

Asubuhi aliweka blanketi juu ya meza, juu yake shuka kuukuu. Pasi iliyojaa makaa aliishika mpini na kuipeperusha huku na huko hewani, upepo ukapita kwenye matundu na makaa yakaiva. Alidondoshea tone la maji kwenye kitako chake na kusikiliza. Tone lililotoweka kwa mlio mkali lilimaanisha shuka na kaki. Lililochemka polepole lilimaanisha nguo laini. Halafu aliipitisha juu ya jani bichi la mgomba, mara mbili tatu, na harufu ile ya jani lililobabuka ndiyo Ijumaa yangu ya utotoni. Jani liliondoa masizi, na nta yake ikakifanya chuma kiteleze. Maji ya kunyunyizia aliyatia kinywani na kuyapuliza yakawa ukungu. Madobi wa zamani walifanya hivyohivyo, na chupa ya kunyunyizia niliyoinunua dukani haijawahi kunitolea ukungu mwembamba kama ule.

Kofia ya babu ilikuwa na utaratibu wake. Kofia ya viua, yenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi kwa mkono kwa miezi, huwezi kuilaza ukaikandamiza kama leso. Ilifuliwa kwa vidole, ikatiwa wanga, ikavalishwa faroma, yaani kibao cha mviringo chenye umbo la kichwa, ikakaukia humo. Wapo watu wa Unguja, Mombasa na Lamu waliopata riziki yao kwa kufua kofia peke yake. Ufundi huo haujafa, lakini wanaoujua unaweza kuwahesabu mtaa kwa mtaa, na ningependa vijana wa mitaa hiyo wakae chini yao wajifunze kabla wazee hawajaondoka nao.

Mwisho wa yote palikuwa na chetezo. Makaa yaliyobaki kwenye pasi yalimwagwa chetezoni, udi ukawekwa juu, nguo zikafukizwa. Moto mmoja ulinyoosha nguo, kisha ukaitia harufu.

Mtu anaweza kudhani haya yote yalikuwa kujipamba. Bibi alipiga pasi hata nepi za wajukuu, hata kanga ya kumfutia mtoto mchanga, hata fulana ya ndani isiyoonekana na mtu. Hakujua jina la Cordylobia anthropophaga, lakini alimjua mdudu. Huyu ni inzi wa Afrika, kusini mwa Sahara, anayetaga mayai mchangani penye kivuli au kwenye nguo mbichi iliyoanikwa. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na nguo ikigusa mwili, buu hupenya ngozini bila mtu kuhisi. Kinachofuata huonekana kama jipu lenye tundu katikati, na ndani yake buu hukua kwa siku 8 hadi 12 kabla halijatoka. Mtoto mchanga hupata mengi kwa mara moja. Kinga yake ni kuanika nguo juani, kuiacha ikauke kabisa, na kuipitisha pasi ya moto hadi kwenye mishono, kila sehemu. Joto huua mayai. Kwa hiyo mama anayenyoosha nepi usiku wa manane, amechoka na macho yanamuwasha, anafanya kazi ya afya ya jamii, na hakuna anayemlipa.

Malipo ndiyo kiini cha habari hii. Vitabu vya uvumbuzi vinamkumbuka Mary Florence Potts wa Ottumwa, jimbo la Iowa, aliyepata hataza mwaka 1871 kwa pasi yenye mpini wa mbao unaochomolewa. Kabla yake pasi nyingi za Ulaya na Marekani zilikuwa bonge la chuma lililochomwa juu ya jiko pamoja na mpini wake, na aliyeishika aliungua. Potts alimwezesha mwanamke kuweka vitako kadhaa motoni na kubadilisha kimoja baada ya kingine kwa mpini uleule uliopoa. Vinamkumbuka Henry Seeley wa New York, aliyeipatia hataza pasi ya umeme Juni 6, 1882. Vinamkumbuka pia Sarah Boone, mwanamke mweusi aliyezaliwa North Carolina katika zama za utumwa na baadaye akaishi New Haven kama fundi wa nguo. Mwaka 1892 alipata hataza ya ubao wa kupigia pasi uliokuwa mwembamba na uliopinda, ili mikono na viuno vya magauni vipite vizuri. Kila mmoja wao anastahili heshima hiyo.

Lakini mwaka mmoja tu kabla ya hataza ya Seeley, Julai 1881, wanawake weusi wa Atlanta waliokuwa wakifua na kupiga pasi majumbani mwao waligoma. Walianza wakiwa 20, na katika wiki tatu wakafika 3,000. Walitaka dola 1 kwa kila ratili 12 za nguo, yaani kama kilo tano na nusu zilizofuliwa, kutiwa wanga na kunyooshwa. Baraza la mji liliwatishia kwa leseni ya dola 25 kwa mwaka. Wakajibu kwamba wangeilipa, hata ikiwa dola 50, mradi kazi ya kufua ibaki mikononi mwao. Walijua kwamba mji mzima ulivaa jasho lao. Nawaona ni wakubwa katika historia ya pasi sawa na yeyote mwenye hataza, na nashangaa kwamba ukifungua habari za pasi huwakuti.

Hata pasi ya umeme ilitengenezwa vizuri pale tu mkono uliposikilizwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Ontario, California, Earl Richardson alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya umeme. Mitambo iliwashwa jioni tu, kwa ajili ya taa. Aligawa pasi za umeme alizotengeneza kwa wateja wazijaribu, kisha akashawishi umeme uzalishwe Jumanne kutwa, kwa sababu Jumanne ndiyo siku wanawake walipopiga pasi. Wanawake hao wakamwambia kwamba pasi inapoa kwenye ncha, mahali panapohitajika kuingia kwenye vifungo na marinda. Akaongeza joto kwenye ncha, na mwaka 1905 ikaingia sokoni kwa jina la Hotpoint, maana yake ncha ya moto. Jina zima limetoka kwa mtumiaji.

Hadithi hiyo ya Jumanne ya umeme inatuhusu. Dar es Salaam ilipata umeme wa kwanza mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, ukahudumia karakana za reli na mitaa ya wakoloni. Watu wengine waliendelea na mkaa kwa vizazi. Hata baada ya nguzo kufika mtaani, kila kipindi cha mgao wa umeme tulinyoosha nguo saa ambayo umeme ulipenda kuja, na pasi za mkaa zilitolewa uvunguni, zikafutwa vumbi. Leo bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hesabu ya pasi ya wati 1,000, umeme huo ungewasha pasi zaidi ya milioni mbili kwa wakati mmoja. Pasi hiyo ikiwaka mfululizo kwa saa nzima hula uniti moja ya umeme kwenye mita ya LUKU. Kwa hiyo nyoosha nguo za wiki kwa mkupuo mmoja, anza na laini pasi ikiwa bado inapata moto, malizia na pamba nzito. Kwenye lebo ya nguo kuna picha ya pasi yenye nukta: nukta moja ni kama nyuzijoto 110, mbili ni kama 150, tatu ni kama 200. Nukta hizo zingeokoa mashati mengi yaliyobaki na alama ya kahawia ya kitako cha pasi.

Kuna waliotabiri kwamba pasi itakufa. Mwaka 1941, huko Manchester, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson waligundua uzi wa poliesta uliokuja kuitwa Terylene, usiopenda kukunjamana. Miaka ya 1950 Ruth Benerito, mwanakemia aliyefanya kazi New Orleans, aliongoza utafiti wa kuifunga minyororo ya pamba kwa vifungo imara zaidi ili shati litoke kwenye maji likiwa karibu limenyooka. Tukaletewa suruali za tetroni, na Kaunda suti zilizoshika mstari wiki nzima. Halafu ikaja mitumba. Nguo iliyobanwa kwa mashine ndani ya belo la kilo 45 na kuvuka bahari hufika ikiwa kama karatasi iliyofinyangwa. Ukienda masoko ya mitumba ya Karume au Gikomba asubuhi utawakuta vijana wenye pasi wakizifufua kabla hazijatundikwa. Shati lilelile likiwa chini linagombewa kwa bei ya kutupa. Likinyooshwa na kuwekwa kwenye henga, linapanda bei mbele ya macho yako. Thamani hiyo yote imeongezwa na mkono.

Fundi cherehani wa barazani naye anajua hilo. Pasi ndiyo inayoilaza mishono, na ndiyo inayoiyeyusha gundi ya kitambaa kigumu cha ndani ili kola isimame. Suti iliyoshonwa vizuri na kukosa pasi huonekana imeshonwa vibaya. Mafundi wengi bado wanatumia ya mkaa kwa sababu baraza halina soketi, nami siwalaumu, mradi wawe nje. Ndani ya chumba kilichofungwa, mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu usingizi ambao haamki. Usiku wa mvua, ukitaka kunyoosha sare za watoto kwa pasi ya mkaa, fungua mlango na madirisha, na makaa yakiisha kazi yatoe nje. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, ichomoe pasi kabla hujatoka. Umeme hurudi bila kupiga hodi, na nyumba zimeungua kwa pasi iliyosahauliwa juu ya shuka.

Sasa nirudi kwa dobi. Jina lake limetoka India, na kazi yake imebaki bega kwa bega nasi kwa zaidi ya karne: kibanda cha mabati, meza iliyotandikwa blanketi, harufu ya wanga. Shati moja la pamba, likipigwa pasi kwa uangalifu, kola kwanza, kisha mabega, mikono, kifua na mgongo, huchukua kama dakika 5. Kwa saa nzima ni mashati 12, amesimama, feni hana, mbele yake chuma cha nyuzijoto 200. Mtaani kwetu bei ya kunyoosha shati haijafika bei ya soda, na bado wapo watu wazima, wenye mishahara, wanaochukua nguo zao Jumamosi na kusema watalipa mwisho wa mwezi. Kumi la mwisho la Ramadhani dobi anakesha ili sote twende kuswali Idi tukiwa tumenyooka, na yeye kanzu yake huinyoosha ya mwisho, ikiwa muda umebaki.

Nyumbani hali ni nzito zaidi. Angalia ajabu hii: pasi ikiwa ya kulipwa, anayeishika kibandani aghalabu ni mwanamume, ikiwa ya bure, anayeishika sebuleni ni mama, dada, au msichana wa kazi aliyeamka saa kumi na moja. Kijana wangu wa kiume ana miaka 11 na ananyoosha sare yake mwenyewe, na ya mdogo wake wa kike. Siku ya kwanza aliunguza kola. Siku ya tatu alikuwa anajua kumwaga tone la maji na kusikiliza.

Kwa hiyo, msomaji, nguo za kesho nyoosha mwenyewe leo jioni. Na kama ziko kwa dobi, nenda na fedha mkononi, umlipe zote kabla hujazitoa kwenye henga zake.